Shairi Langu Mbele ya Kamati

Wewe, usicheke kwanza. Leo nimeumbuka mbele ya ukumbi mzima.

Si nilikuambia kuna kamati inakusanya maoni, kama watoto wanaofanya makosa makubwa washtakiwe kama watu wazima? Nimepanda jukwaani na shairi langu. Kifua mbele, karatasi hata siitazami. "Mhalifu si mtoto, apandishwe kizimbani!" Watu wakanikazia macho. Nikajua nimewapata.

Mara shangazi akasimama. Shangazi! Hata sikujua kama yumo.

"Karani, ongeza na hili: mshairi huyu alichoma stoo ya shule akiwa na miaka kumi na minne. Mlinzi aliyelala humo aliponea chupuchupu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akaniuliza, "Ni kweli, kijana?" Nikasema kweli. Akauliza kama nilikuwa peke yangu. Nikasema peke yangu, ewe uliyenishikia kiberiti siku ile. Umesikia? Peke yangu.

Yaani kwa shairi langu mwenyewe, mpaka leo ningekuwa jela!

Nikaomba ule mstari wangu wa kizimbani ufutwe. Karani, kalamu mkononi: "Sasa niandike nini badala yake?" Mimi, mwenye beti mia kichwani, nikageuka kumtazama shangazi.

Shangazi akanijibia: "Andika alichomwambia hakimu wa watoto siku ya kesi yake."

Unakumbuka nilimwambia nini? "Nataka kwenda nyumbani na shangazi."

Kauli hiyo imeandikwa hivyo hivyo. Haina vina wala mizani, na ndiyo iliyopigiwa makofi.