Mkwe Uliyemwona Dukani

Baba, shikamoo.

Kijijini kwetu Mlali mvua zimeanza na Mama anapanda alizeti. Nakuandikia nikiwa Dodoma mjini, ingawa najua hapo ulipolala barua haifiki.

Nakumbuka baridi ya Osaka, ulipokuja kunitembelea nikiwa masomoni. Nilikupeleka dukani tukanunue suruali nzito. Tulipoingia tu, wauzaji wakatukaribisha kwa sauti, nawe ukasimama uwasalimu mmoja mmoja. Nikakueleza kwamba kule mteja hajibu. Ukanitazama kwa jicho la pembeni. "Watu wanakukaribisha, unanyamaza? Tabia hiyo umeianza lini?"

Kwenye chumba cha kujaribia nguo wakataka uvue viatu. Ukavivua, ukaingia navyo kwapani.

Ulipotoka, suruali ilikuwa ndefu. Binti muuzaji akapiga magoti mbele yako, akaanza kukunja pindo na kulibana kwa pini. Ukaganda. Ukaniuliza kwa Kigogo, taratibu, "Huyu ni nani kwako?"

"Muuzaji, Baba. Ndivyo wanavyopima."

"Binti hapigi magoti bure mbele ya baba wa mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kukuzuia usiombe punguzo, maana kule bei haishuki. Hukuomba, wewe uliyekuwa ukibishania hata chumvi. Nikajua umeshaamua ni mkweo. Naye akaubeba mfuko kwa mikono miwili, akatusindikiza hadi mlangoni, akainama. Kila ulipogeuka, bado ameinama.

"Kalelewa huyo," ukasema. Nikaapa kwamba hata jina lake silijui. Ukaguna.

Niliporudi nchini, Mama alinipeleka zizini, akanionyesha mtamba mwekundu. "Huyu baba yako alimtengea mkeo wa Japani. Anakuja lini?" Nikamwambia hakuna mke. Akanikazia macho kama ulivyofanya wewe. "Baba yako hakuwa mwongo."

Sasa mimi ndiye ninayeshuku, Baba. Mama anasema kila ndugu walipokubana kwa nini sioi, uliwasimulia binti aliyekupigia magoti, wakanyamaza. Mimi mwenyewe hukuniuliza kamwe habari za kuoa. Siku ya kuondoka ulinishika bega kwa muda mrefu, ukapanda ndege. Je, uliamini kweli? Au ulikuwa umeniona vizuri kuliko nilivyodhani, ukaamua kunikinga?

Jumapili, baada ya ibada, Shangazi aliniuliza mbele ya watu kama mke hajambo. Nikafungua kinywa nikanushe.

"Hajambo," nikasema. "Anawasalimu."

Lala salama, Baba.

Mimi, mwanao ambaye bado hajaoa