Hedi Iliyopanda Mlima

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, nikiamini kwamba wewe, wifi na watoto mmeamka salama. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na anakuulizia kila siku kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha. Baba mgongo ni uleule, lakini siku hizi anacheka. Utaona kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, kaka. Nikifika sentensi ya tatu umeshanipa ushauri. Karatasi haikatizwi. Kaa chini, soma mpaka mwisho, halafu ukipenda ukasirike.

Nianze na linaloniuma, maana nikiliacha litaniharibia mwandiko. Ulipokuja likizo ulisimama katikati ya karakana, mafundi wote wakisikia, ukasema kutanua njia za hewa za hedi, kile kichwa cha juu ya injini, kwa mkono ni sawa na kuchokonoa meno kwa bisibisi. Ukasema kazi hiyo ina mashine zake na wataalamu wake, mwenye akili hununua iliyokwisha kutengenezwa. Wakacheka. Hata Miwani, yule mchomeleaji wa jirani anayeazima koleo langu kila asubuhi na kulirudisha akikumbuka, alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe ulipelekwa chuo cha ufundi kwa sababu nafasi ilikuwa moja. Mimi nimesomea chini ya magari, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kulalamika. Leo nalalamika kidogo.

Ulipoondoka, haikupita wiki mbili, baba akatuita. Alisema mgongo umemwambia basi na yeye amekubali. Akasema pikapu ya karakana, ile ya kuvutia magari yaliyokwama, imekuwa aibu yetu: ikipewa mzigo na mlima wa machimbo inarudi gia ya kwanza na kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na wenye magari wanaenda kwa wengine. Kwa hiyo atakayeipandisha mlima ule na kilo mia sita mgongoni, bila kugusa gia ya kwanza, ndiye atakayeshika funguo za karakana. Nikishindwa, utaitwa wewe urudi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Ndipo kikaja kile kisanduku chako, kimefungwa kamba kama mfungwa, na kikaratasi juu: hii ni hedi ya wataalamu, usiiguse na msasa wako. Mama, ambaye mpaka leo anaiita kofia ya injini, alishukuru kwa niaba yangu. Mimi nilikisukuma chini ya benchi bila kukata kamba. Niliapa kwamba pikapu itapanda kwa mkono wangu au haitapanda.

Kaka, nilifanya kazi. Nilitoa hedi ya zamani, nikaiosha, nikapima kila njia ya hewa kwa kuijaza maji na bomba la sindano. Mbili zilikuwa mililita hamsini na nne, mbili hamsini na tano. Nilitaka zote nne zifike sitini na mbili. Wiki tatu, kila jioni mafundi wakishaondoka, drili yenye jiwe dogo, kisha msasa, kisha kidole, kwa sababu kidole kinaona kona ambayo jicho halioni. Baba alikuwa akipita, anachungulia, anaguna, anaenda zake. Kuguna kwake nilikupenda kuliko sifa za mtu mwingine.

Jumamosi ya mtihani ilifika. Tulipakia giaboksi mbovu na vyuma hadi mizani ikasema mia sita na nane, nikaziacha hizo nane zikae. Baba kushoto kwangu ameshika saa, fundi mmoja nyuma juu ya vyuma kama mbuzi wa sadaka. Pikapu ilipanda. Kwenye ile kona ya pili, pale inapokufaga, nilikanyaga na ikaitika. Gia ya tatu, ya pili, ya tatu tena. Dakika nne na sekunde kumi kutoka darajani hadi geti la machimbo. Baba alisimamisha saa. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya dashibodi, akaangalia nje upande wake muda mrefu kuliko mandhari yalivyostahili.

Ulinipigia jioni ile kunipongeza, na nilisikia sauti yako ina jambo. Uliuliza, polepole, kama kile kisanduku bado kipo. Nikakujibu kipo chini ya benchi. Na kweli kilikuwepo, kaka. Kilikuwa kitupu.

Sasa utaelewa kwa nini nimeandika. Jumatano kabla ya mtihani, kwenye njia ya tatu, nilitaka kuongeza nusu milimita tu pale kwenye kona. Njia ile ilikuwa mililita sitini na moja. Mtu mwenye akili angeiacha. Mimi niliitaka ile moja. Jiwe likazama, mlio ukabadilika, na nilipotoa drili nikaona kitundu kama punje ya mtama. Nilikuwa nimetoboa hadi kwenye mkondo wa maji ya kupozea injini. Ningeifunga hivyo, injini ingekunywa maji yake yenyewe. Miwani, ambaye ndiye pekee anayeweza kuchomelea alumini, alikuwa safarini mpaka Jumatatu. Ijumaa nilikata kamba ya kisanduku chako.

Nami nina langu la kukuuliza. Kabla ya kuifunga hiyo hedi ya wataalamu niliipima, unanijua. Njia ya kwanza sitini na mbili, ya pili sitini na mbili, ya tatu sitini na moja, ya nne sitini. Nikakaa chini. Mashine haichoki ikifika njia ya nne, kaka. Mtu huchoka. Nikaleta taa nikachungulia ndani: mikwaruzo ya msasa yote imelala upande mmoja, ule unaolala mtu akisugua kwa mkono wa kushoto. Katika ukoo wetu wote anayetumia kushoto ni mmoja, na mama alimpigia makelele kwenye meza ya chakula mpaka akachoka. Hakuna wataalamu. Ni wewe, na drili, na msasa ulionikataza kuutumia.

Nilikasirika saa nzima. Kisha nikaifunga kwenye pikapu, maana ilikuwa kazi nzuri.

Wiki saba nimeshika funguo zile na zilikuwa nzito kuliko giaboksi. Miwani aliporudi alinichomelea hedi yangu, ikasawazishwa uso, nikaitanua upya njia ya tatu kwa adabu. Jumapili iliyopita nikaifunga mimi mwenyewe, nikapakia mia sita na nane zilezile, nikamwomba baba aje na saa bila kumweleza sababu. Ilipanda, gia ya kwanza haikuguswa. Dakika nne na sekunde kumi na nane.

Pale getini nikamwambia yote. Kitundu, kisanduku, mkono wako wa kushoto. Funguo nikaziweka kwenye paja lake. Nikajua sasa ataniuliza kwa nini nilidanganya. Badala yake aliniuliza hizo sekunde nane ninadhani zimekaa njia ipi. Nikasema ya tatu, pale kwenye chomeleo, kona haijanyooka. Akasema hata yeye anadhani hivyo. Kisha akaniambia nigeuze gari turudi, na tulipofika akashuka, funguo ameziacha kwenye kiti.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hukusema tu kwamba umeitengeneza wewe. Jibu ninalo, na si tamu. Ungeandika ni ya mkono wako, ningeirudisha na gari lilelile lililoileta. Ulinijua, ukachagua nikuone mwenye dharau. Basi mimi nimekusamehe ule utani wa bisibisi, nusu. Nusu nyingine utaipata ukija ukarudia maneno yako mbele ya mafundi walewale, ukiwaonyesha na huo mkono.

Hedi yako nimeipaka mafuta, nimeifunga kwa karatasi, iko rafuni. Usiiulizie. Hairudi mpaka nizipate sekunde zangu nane.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama anasema ukipata mtu wa kuja huku usimwache aje mikono mitupu. Baba anasema njia yako ya nne ulikuwa na usingizi.

Wako asiyekubali kushindwa kirahisi,
Mdogo wako, fundi