Mgongo wa Mama Ukutani

Zuzu, Dodoma
8 Mei 1994

Mwanangu Aneth,

Salamu za nyumbani zikufikie. Huku tu wazima, uwele tunavuna, na goti langu linauma kama kawaida yake, usilitie moyoni. Wewe je, na hiyo mimba? Unakula? Usishinde juani.

Sasa nakuuliza jambo. Jirani yetu Methusela, yule anayepeleka zabibu Dar, alipita kwenye maonyesho yenu ya picha. Amerudi na maneno, na unamjua Methusela, neno halilali kinywani mwake. Anasema umechora mwanamke anayeonekana mgongo tu, hana kichwa. Mgongo umepasuka kama shamba la kiangazi, mabega ni vilima, na kiunoni mbuzi wanakula majani. Chini umeandika "Mama, Zuzu." Akina mama wa Zuzu ni wengi, lakini mwenye binti mchoraji ni mimi peke yangu.

Kanisani wananitazama shingo. Shangazi yako Tabu anasema aliye hai hachorwi bila kichwa, ni kumwitia mauti. Mimi sijafa, Aneth. Nimeona aibu sana. Hiyo picha iondoe.

Ni mimi, mama yako.

Dar es Salaam
25 Mei 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, mtoto anacheza tumboni na chakula kinapita, ila daktari amenikataza safari mpaka nijifungue.

Nisamehe kwa aibu iliyokupata. Lakini picha ile siionei haya, mama, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Kichwa sikukukata. Ulinibeba mgongoni kwenda shamba na kurudi, na dunia yote niliyoiona ilikuwa mgongo wako, na vilima juu yake. Mpaka leo nikishika brashi sijui mgongo unaishia wapi na vilima vinaanzia wapi.

Mwezi wa saba picha zinaletwa Dodoma mjini, kwenye ukumbi karibu na stesheni. Nimemwandikia mtunza ukumbi, Bwana Anthony, kwamba mama yangu akisema ishushwe, ishushwe siku hiyohiyo, na haitatundikwa tena popote. Usiamini mdomo wa Methusela, wala wangu. Nenda ukaione.

Mwanao, Aneth.

Dar es Salaam
20 Julai 1994

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Maonyesho yamefunguliwa tangu juma lililopita na sijapata neno lako. Nimempigia simu Bwana Anthony, akacheka tu, akasema nikuulize wewe. Kama umenikasirikia, niambie. Kimya chako kinaniumiza kuliko maneno.

Mwanao.

Zuzu
2 Agosti 1994

Mwanangu Aneth,

Sisi wazima, na goti limepelekwa mjini likarudi salama. Sijakukasirikia. Nilikosa namna ya kuyaandika haya.

Nilikwenda na Tabu na akina mama wa kanisa, na Methusela nikamlazimisha aje. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bwana Anthony ashushe. Kisha nikaiona. Mwanangu, nilitishika. Pale kwenye bega la kushoto umeweka korongo lililochimbwa na mvua, palepale penye kovu langu la uji wa moto. Kumbe uliliona, na ulikuwa mdogo hivyo! Nikasimama pale, machozi yakanitoka.

Methusela naye akaanza kuwaonyesha watu mahali kichwa kilipotakiwa kuwa, na watu wanacheka. Hapo nikapandwa na hasira. Nikashusha khanga mabegani, nikasimama kando ya picha, nikawapa mgongo wote waliokuwa ukumbini.

"Haya," nikawaambia, "linganisheni."

Tabu, huyohuyo mwenye mauti yake, akasogea, akagusa kovu langu, akalitazama korongo. Akasema, "Ni yeye." Kisha akapiga kigelegele, na akina mama wote wakaitikia. Methusela alitangulia kutoka. Bwana Anthony nimemwambia asiguse kitu.

Ila usiku huo nilijitazama kwenye kioo cha baba yako, Mungu amrehemu. Nina sura pia, Aneth, na inaanza kuzeeka.

Mwezi ujao, ukishajifungua, napanda treni, nije kumbeba mjukuu wangu. Mgongo nitampa yeye. Wewe chukua brashi, ukae mbele yangu.

Mama yako.