Bakora Uliyoituma Ikae Badala Yako

Baba yangu uliye Pangani,

Shikamoo. Marahaba yako siisubiri, maana huku Bagamoyo haifiki.

Juzi ndugu yako, Ami Salim, alikuja. Akakaa barazani, akanywa chai ya mama, akazunguka wee kabla ya kusema alichotumwa. Kumbe umechaguliwa balozi wa nyumba kumi. Hongera. Na kwa kuwa sasa utasimama mbele za watu, unaitaka bakora yako ya mpingo, ile uliyorithi kwa babu. Mama aliokota kikombe akaingia ndani. Basi nakujibu mimi, ambaye mbele yako ulimi wangu ulikuwa mzito siku zote. Kwa kalamu si mzito. Tena nimemwomba Ami akusomee barua hii kwa sauti, barazani kwako, nyumba zako zote kumi zikisikiliza.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma? Ukitoka msikitini alasiri ulikuwa ukichora uani, mchangani, kwa ncha ya bakora hiyo.

"Hii alifu. Imesimama kama nini?"

Mimi nikainamia mchanga.

"Kama bakora, mwanangu. Sema, usiogope."

Nikanong'ona, ukacheka, ukanipapasa kichwa. Hiyo ndiyo tashbihi yangu ya kwanza, kabla sijajua kuwa ina jina. Na ulipokuwa ukilala mchana, bakora uliiegemeza mlangoni, nasi mimi na Dada Rukia tulipita kwa vidole vya miguu. Hatukukuona, lakini ulikuwapo. Nilikupenda, baba. Naandika hivyo mapema ili usije ukadhani haya mengine nayasema kwa kuwa sikukupenda.

Kisha ukaenda Pangani kwa biashara ya siku chache. Ukaoa, ukakaa. Bakora ukaondoka nayo.

Sasa nikukumbushe harusi ya Dada Rukia, maana wewe hukuiona. Tulikuwekea kiti pale nje, mbele ya mikeka ya wanaume. Mama alikishonea mto mpya. Nilimwona akiutazama na kuutomasa, akidhani simwoni. Akaja Ami peke yake, ameshika bakora.

"Kaka shughuli zimemzidi," akasema. "Uwalii wa kumwozesha Rukia kaniachia mimi. Lakini kasema hivi: ikiwapo bakora, naye yupo."

Akaiegemeza kwenye kile kiti.

Dada alikuwa chumbani, hina mbichi mikononi. Aliyasikia. Machozi yakamtoka na hakuweza kujifuta, nikamfuta mimi kwa upindo wa kanga yangu. Hapo ndipo kitu kilinipanda, sijui kilitoka wapi. Wanijua mimi, nikiona wageni navuta kanga mpaka mdomoni. Nilipakua sahani ya pilau, nikaweka paja zuri la kuku juu, nikatoka mpaka kwenye kiti chako, wanaume wote wananitazama. Nikapiga goti.

"Baba, karibu unawe," nikaiambia bakora, nikaimiminia maji.

Ami akaruka. "We mtoto, umeshikwa na nini?"

"Ami, si umesema yupo?"

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Bi Tatu, somo aliyemfunda Dada: "Mwacheni baba wa watu ale, katoka mbali!" Wanawake wakapasuka. Mzee wa upande wa bwana harusi alikuwa ameshika kilemba cha baba wa bibi harusi, akauliza kwa adabu, amvike nani. Bi Tatu hakumpa nafasi: "Mvike huyohuyo! Kirungu chake cha juu si kichwa? Tena hicho hakina maneno mengi." Wakaivika. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, kama vingekuwa na miguu vingefika Pangani kabla ya Ami.

Ami alikusudia kukuletea kilemba chako. Aliona haya kumvua kaka yake kilemba mbele za watu, akaondoka bila kilemba na bila bakora. Nadhani hilo hakukusimulia. Kilemba kilikuwa cha kitambaa laini, mama akakikata. Kimekuwa nepi za mjukuu wako.

Nilipofanya vile sikujua nimefanya nini. Nilikuja kujua darasani. Kwa Kiingereza walikuwa wamekwisha kutufundisha habari za taji kusimama badala ya mfalme, tukakariri tu, maana mfalme gani tunamjua? Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyeliweka sawa. Alisema watu huchanganya istiari na taashira. "Istiari ni jamaa wa sura," akasema. "Unamwita mtu simba kwa kuwa wanafanana kitu. Taashira ni jamaa wa nyumba. Jembe halifanani na mkulima hata kidogo. Husimama badala yake kwa kuwa limekaa naye." Akataka mifano. Wenzangu wakasema jiko, wakasema kiti, wakacheka. Mimi mfano wangu nilikuwa nao, nikaukalia.

Nilikuwa nafikiri habari zetu, baba. Kila mtu mjini hapa husema nimekufanana: paji la uso, mwanya, hata mwendo. Basi mimi kwako ni istiari tu. Nina sura yako bila siku zako. Bakora haina mwanya, lakini ndiyo uliyokaa nayo, ndiyo uliyoiona inatosha kuwa wewe siku ambayo binti yako alikuhitaji. Niliionea wivu, nikakosa usingizi kwa kukionea wivu kipande cha mti. Siku za mwanzo nilikuwa nikikinusa kishikio, mama akiwa kisimani. Kilikuwa na udi wako.

Udi ule umekwisha. Goti la mama limeanza kumsumbua, akaichukua bakora bila kuuliza mtu. Anakwenda nayo sokoni, anafukuzia nayo mbuzi wanaokula makopa yake ya muhogo uani, akikaa kukaanga vitumbua anaiegemeza mlangoni, palepale pa zamani. Kishikio sasa kinanuka hiliki na mafuta ya nazi. Wiki iliyopita nilikuwa ndani najisomea, nikasikia watoto wawili wa jirani wametumwa vitumbua.

"Piga hodi," mmoja akasema.

"Ya nini? Huoni bakora? Bi Zena yupo."

Niliweka kitabu chini. Wamezaliwa umekwisha kuondoka, hawakujui. Kwao ile si babu, si wewe. Ni mama.

Basi jibu la bakora ni hili, na Ami alisome polepole. Hairudi. Si kwamba tumeificha. Ipo mlangoni, kila mtu anaiona. Lakini ulituachia, ikakaa nasi, na kitu ni cha aliyekaa nacho, hiyo ndiyo kanuni yenyewe niliyosomeshwa. Ukisimama nayo mbele ya nyumba zako kumi, utakuwa umesimama na mama yangu, na mama yangu hakutaki.

Mpingo upo huko. Chonga nyingine, ukae nayo, utembee nayo, isubiri mpaka ikujue. Siku binti yako wa huko atakapoolewa, usiitume.

Nami sikuhitaji tena, ingawa kila nikijitazama kiooni unanitazama. Kaa salama, baba. Alifu bado naiandika imesimama wima, kama ulivyonifundisha.

Ni mimi mwanao wa pili,
mwenye mwanya wako.