Joho la Earlene

Dada Verdell mpendwa,

Huku Macon tu wazima, na bamia zimestawi. Jumapili mpwa wetu Earlene alirudi kanisani. Miaka kumi na moja imepita tangu Mama Ozella, kiongozi wetu wa kwaya, amvue joho la kwaya kwa kuimba nyimbo za mapenzi vilabuni, na kutukataza kununua santuri zake. Aliketi nyuma kabisa, akiogopa kufukuzwa tena.

Mama Ozella akamwendea na joho lile lile, limeongezwa kitambaa kiunoni.

"Vaa, binti. Kwaya imepwaya."

Likamkaa sawasawa.

"Mama, umejuaje nimenenepa?"

"Nimekuona kwenye jalada la santuri yako mpya. Acha maneno, kaimbe."

Aliimba mpaka shemasi mkuu akalia. Nami santuri zangu nimezitoa chini ya kitanda.

Nduguyo asiyejificha tena,
Lucius