Shati Lisilo na Kola

Nyumba ya Fundi,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Maswali,

Shikamoo yako niliipata, marahaba sana. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Uliandika kwamba una kikohozi, kisha ukarukia habari za kazi kama kawaida yako, nikabaki na wasiwasi huku. Sisi hatujambo. Shemeji yako mzima, mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hafungi mdomo. Mama anaendelea, na habari zake ndizo zilizonikalisha hapa leo.

Kwanza niungame. Nilikuandikia kwamba mama anazifurahia picha zako. Nilikudanganya, mdogo wangu. Nilikuonea huruma, na huruma ikanifanya mwongo.

Tangu kile kiharusi cha mwezi wa pili, macho yake ni mazima. Daktari wa macho kampima mara mbili, kasema anaona hadi uzi. Ila hajui anachokiona. Siku moja nilimwonyesha mkasi wake, ule aliokatia sare zetu za shule. Akautazama weee, akasema, "Kirefu. Kinang'aa. Kina matundu mawili." Nikasubiri jina. Wapi! Nikamwekea mkononi. Kabla hata hajaufumbata: "Si mkasi wangu huu! Mlikuwa mnauficha wa nini?"

Daktari wa ubongo anasema sehemu ya nyuma ya kichwa, ile inayounga vipande kutoka machoni hadi viwe kitu kimoja, ndiyo iliyoumia. Mguso na sauti hupita njia nyingine, nazo hazina neno. Nilipomfafanulia mama, alinielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. "Kwa hiyo nguo imeshakatwa, mikono ile pale, mfuko ule pale, ila fundi wa kuunga hayupo."

Nikakumbuka barua yako ya mwaka juzi kuhusu mashine mnazozifundisha kutambua vitu. Kwamba nazo huanza na mistari, kisha kona, kisha vipande, tabaka juu ya tabaka, mpaka zitamke "kikombe", na kwamba mmeuiga ubongo wa mtu. Wakati ule niliisoma nikapiga miayo. Siku hizi nairudia mara kwa mara, natafuta mahali mama alipokwama.

Ule mtambo uliotutumia kwenye simu, wa kumtajia majina ya vitu, unafanya kazi, hongera. Kikombe unakijua, kiti unakijua. Lakini Jumatano mpwa wako aliuelekeza kwenye mto wa kochi, ule wa kitambaa cha madoadoa. Simu ikasema, "Chui." Mama akanyoosha mkono, akaubonyeza mto, akacheka mpaka machozi. Akaishika ile simu kama mgonjwa wa kitanda cha pili: "Pole mwenzangu. Na wewe ilikuanza lini?" Nilicheka na mimi, ila nilijua ungekuwepo ungecheka kutuzidi sote, kisha utufafanulie mpaka chai ipoe.

Sasa picha yako. Ile uliyosimama mbele ya ofisi na shati la bluu, mimi kwa ujuzi wangu nikaona labda ni ndogo. Nikaenda kwa mpiga picha, nikaikuza hadi ikawa kubwa kama sinia, nikaitundika juu ya cherehani. Mama akaisogelea. Akapitisha kidole begani mwako. "Hapa mstari umepinda. Kama ni nguo, aliyeshona alikuwa na haraka. Picha ya mteja gani hii? Mwambie arudi nimrekebishie."

Nilimwambia, "Mama, huyo ni Maswali." Akaipapasa picha yote kwa viganja viwili, paji la uso, mashavu, mikono, polepole, mpaka chini kabisa. Kisha akasema, "Karatasi tu," akarudi kukaa. Nilikwenda jikoni nikajifanya nasugua sufuria.

Ndugu yangu, miaka mitano sasa unatuambia utakuja mwakani, mwakani. Picha kila wiki, simu hupigi. Najua kwa nini hupigi: ukisikia sauti yake utalia. Basi lia! Nani atakucheka? Mimi ninakumiss mpaka nakasirika. Nikisikia mtu anacheka kwa pua huko barabarani, natoka mlangoni kuangalia. Umeifundisha mashine kumjua chui asiyekuwepo, na mama yako hakujui. Sisemi nikuumize. Nasema kwa sababu sauti yako ataijua hata ukikohoa tu, na mkono wako ataujua kabla hujaketi. Njia hizo mbili ni nzima, zinakungoja wewe.

Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama huko unaosha vyombo mwenyewe. Mpwa wako anataka kujua meno hukaa wapi yakishang'oka; maswali ni ya ukoo. Jirani muuza maziwa naye hajakusahau.

Na mama anakusalimu kwa kazi. Kuanzia Alhamisi anakushonea shati. Cherehani anaikanyaga kama zamani, vidole ndivyo vinavyoona. Nilimsomea vipimo vyako kutoka daftari lake la zamani, akasema tuongeze kiunoni, eti watu wa ofisini hula wamekaa. Mikono ameshaitia, mfuko ameshaubandika, vifungo viko kwenye kikopo. Kola tu ndiyo haipo. Nikamwambia, mama, malizia basi nimtumie, shingo tuikadirie kwenye picha yake. Akalikunja shati, akaliweka mapajani.

"Kola haipimwi kwenye picha," akasema. "Alete shingo."

Mungu akulinde njiani, mdogo wangu, maana nataka uwe njiani.

Wako akupendaye hata akifoka,
Dada