Paka Asiye na Mwenyewe

Tabata, Jumanne

Profesa anataka nihoji watu wanaofuga paka. Nimezunguka mtaa mzima leo, sijapata hata mmoja!

Mama Zuhura, jirani yetu wa kona, kakana katakata. "Mwanangu, mie sifugi paka. Huyu anakujaga tu kula." Huku anamtolea samaki miba. Anamwita Sultani.

Nyumba ya pili nikamkuta Sultani yuleyule, kajinyoosha kwenye kochi. Wenyewe wakasema ni wa jirani. Pale anaitwa Mwarabu.

Utafiti huu utanifia mkononi.

Nimemlalamikia mke wangu, naye kacheka. "Kwani sie hatuna paka?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba hatuna. Yule anakujaga tu kulala.

Sasa naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine kaulalia Bosi.